Usiiache 5.5 Bila Mabano Yake

Kuna namba moja ya utafiti ambayo hapa Lubumbashi nimeisikia kwenye teksi ya kwenda Katuba, nimeisikia kwa watu wa mashirika, na nimeikuta imenakiliwa katika kazi za wafinalisti, wanafunzi wa mwaka wa mwisho, zaidi ya mara moja: baba akifanya kazi ya migodi, hatari ya mtoto wake kuzaliwa na ulemavu inakuwa mara 5.5. Namba yenyewe ipo kweli. Imo katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020 kwenye jarida la The Lancet Planetary Health, uliofanywa hapa hapa mjini na watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Ubelgiji. Ila katika makala ile namba hiyo haikai peke yake. Nyuma yake kuna mabano, na ndani ya mabano mna namba mbili nyingine: 1.2 na 25.0, yaani mipaka ambayo ukweli unaweza kuwa kati yake.

Wanaoinakili wanayaacha mabano. Naelewa sababu. 5.5 inasemeka kwa pumzi moja, lakini ukisema "kati ya 1.2 na 25" unaonekana mtu aliyekuja bila kujiandaa. Binti mmoja wa afya ya jamii aliniambia waziwazi: "Yaya (ndivyo tunavyomwita ndugu mkubwa), nikitia ile 25, baprof batasema sikuelewa." Kwangu mimi mambo yako kinyume. Aliyeandika 5.5 peke yake ndiye ningemuuliza swali, na aliyeandika zote tatu ningemwacha aendelee kuzungumza.

Hayo mabano sikuyapenda kwa kusoma vitabu. Niliyapenda kwa kukaa na vijana jioni tukichezea namba kwenye kompyuta, na namba zenyewe chache tu, zinazoenea kwenye kiganja. Wanakuja kwangu baada ya kazi, wengi wa afya ya jamii, wachache wa kilimo, kila mmoja na chaja yake na faili lake la Excel. Sikuwahi kutangaza kwamba nafundisha. Nilijua kidogo R, programu ya takwimu, na nyumba yetu ina betri ya sola. Katika mtaa ambao umeme unaondoka bila kuaga, hiyo ya pili ndiyo sifa iliyowaleta.

Kuhusu programu sitakawia. Wengi wanafika na SPSS, programu ya takwimu ya kulipia, iliyotoka kwenye flash ya rafiki wa rafiki, na hawajui ni toleo gani wala nani aliivunja kufuli. Nawashauri R, iliyoanzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman huko Auckland, New Zealand, na ambayo toleo lake la 1.0.0 lilitoka tarehe 29 Februari 2000. Ni ya bure, na ukishaisakinisha haikudai mega hata moja ili ihesabu wastani. Anayeogopa kuandika amri anaweza kutumia jamovi, nayo ni ya bure, ina vitufe vya kubonyeza na chini yake R ndiyo inayofanya kazi. Walio kwenye kanda za afya mara nyingi wameshazoea Epi Info ya CDC, shirika la afya ya umma la Marekani. Zote zinatosha kabisa kwa TFC, ile kazi ya kumalizia masomo.

Kinachotukwamisha mwanzoni, karibu kila jioni, ni koma. Kompyuta zetu zimewekwa kwa Kifaransa, kwa hiyo Excel inaandika 15,7 pale ambapo makala ya Kiingereza inaandika 15.7. Ukilisoma faili hilo kwa read.csv, R inakata kwenye koma badala ya nukta mkato, na safu zote zinavurugika. Ukiomba wastani, inakujibu NA, yaani hakuna jibu, na onyo jekundu, na mwanafunzi anaanza kuamini kwamba data yake imeharibika. Haijaharibika. Ni read.csv2 tu iliyokuwa inatakiwa, ile inayotegemea nukta mkato kati ya safu na koma ndani ya namba. Hatari zaidi ni yule anayezirekebisha koma kwa mkono, moja baada ya nyingine, saa nne za usiku, kwa sababu kosa lake halitoi onyo lolote.

Basi, kabla hawajafungua faili lao nawaomba waandike namba tano nilizozitunga mwenyewe: 2, 3, 4, 6, 85. Nawaambia wazifikirie kuwa ni kobalti katika mkojo wa watu watano wa mtaa mmoja. Wastani unatoka 20. Nauliza: kati ya hawa watano, nani ana 20? Hakuna. Hata wa karibu hayupo. Wanne wako chini sana na mmoja yuko juu sana. Mediani, namba iliyo katikati ukizipanga, ni 4, na hiyo angalau ni ya mtu halisi.

Halafu tunatafuta mkengeuko sanifu, kipimo cha jinsi namba zilivyotawanyika kuuzunguka wastani, na R inatoa 36.4. (Excel ya Kifaransa inatoa 36.4 ukitumia ECARTYPE.STANDARD na 32.5 ukitumia ECARTYPE.PEARSON, kwa sababu ya kwanza inagawanya kwa 4 na ya pili kwa 5. Nimeona kazi moja ambamo jedwali la kwanza lilitumia hii na jedwali la tatu ile.) Katika TFC mwanafunzi ataandika 20 ± 36.4 na kusonga mbele. Hapo namsimamisha. Toa 36.4 kwenye 20. Unapata hasi 16.4. Nani anakojoa kobalti hasi?

Wanacheka, lakini hicho ndicho kifaa cha kwanza ninachotaka waondoke nacho wanapoenda kusoma makala za watu. Kitu kisichoweza kushuka chini ya sifuri, iwe ni madini mwilini, siku za kulazwa hospitali au mapato ya nyumba, kikiandikwa kwa wastani na mkengeuko ulioupita wastani wenyewe, mwandishi amekwisha kukuambia kwamba data yake ina mkia mrefu upande wa juu, hata kama neno "mkia" halimo katika makala nzima. Huhitaji kuona data yake. Unahitaji kutoa tu.

Jioni moja ubishi ulizuka juu ya robo, zile namba zinazoikata orodha iliyopangwa katika sehemu nne. Kijana mwenye SPSS na mwenzake mwenye R walikuwa wamekaa kochi moja, wana zile zile namba tano. Wa R alipata robo ya kwanza 3 na robo ya tatu 6. Wa SPSS alipata 2.5 na 45.5. Wakanigeukia: "Yaya, gani njo ya kweli?"

Zote mbili. Njia za kukokotoa robo ni nyingi. Mwaka 1996 Hyndman na Fan walizipanga zikafika tisa. R, usipoiambia kitu, inatumia ya saba, na SPSS inatumia ya sita. Kwa njia ya saba, robo ya tatu ya watu watano inaangukia juu ya mtu wa nne kamili, yule mwenye 6. Kwa njia ya sita inaangukia katikati ya wa nne na wa tano, yaani katikati ya 6 na 85, ambapo hakuna mtu yeyote anayeishi. Wangekuwa watu 500 tofauti hiyo usingeiona. Wakiwa watano, namba inayotoka inaeleza kanuni ya programu kuliko inavyoeleza mkojo wa mtu. Ndiyo maana nawaambia waandike jina la programu katika sura ya mbinu. Baadhi yao wanadhani ni mapambo.

Mwisho wa zoezi naomba kipimo ambacho wengi wamekiona kwenye makala bila kukielewa, wastani wa kijiometri. Katika R unaandika exp(mean(log(x))), na kwa namba zetu tano unapata 6.6. Haujaburuzwa na 85 kama ule wastani wa kawaida, wala haukujifanya kana kwamba 85 haipo kama ilivyofanya mediani. Unapima kwa mara badala ya kupima kwa tofauti. Mama anayeuza unga sokoni anafikiri hivyo bila kwenda shule yoyote: bei ikitoka faranga 1,000 ikafika 2,000 atapiga kelele, ikitoka 20,000 ikafika 21,000 atanyamaza, ingawa zote mbili zimeongezeka faranga 1,000. Madini mwilini nayo mara nyingi yanatawanyika hivyo, kwa mara.

Baada ya hapo tunafungua makala ya kweli. Ninayoipenda ni ya mwaka 2009, katika jarida la Environmental Research, mwandishi wa kwanza akiwa Célestin Banza wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Walipima mkojo wa watu 351 wa Katanga. Kwa watu 179 walioishi chini ya kilomita 3 kutoka kwenye migodi au viwanda vya kuyeyushia madini, kobalti iliandikwa hivi: 15.7, ambayo ni wastani wa kijiometri, na katika mabano 5.27 hadi 43.2, yaani robo ya kwanza na robo ya tatu, kwa mikrogramu katika kila gramu ya kreatinini. Waandishi walisema kwamba kiwango hicho ni kikubwa kuliko vyote vilivyowahi kuripotiwa kwa watu wa kawaida, maana yake watu wasiopimwa kwa sababu ya kazi yao.

Hapo mwenye haraka anaandika "15.7" na kufunga makala. Mimi naomba wachukue kikokotoo cha simu. Kutoka 5.27 hadi 15.7 ni tofauti ya kama 10. Kutoka 15.7 hadi 43.2 ni tofauti ya zaidi ya 27. Ukipima kwa tofauti, 15.7 imekaa kombo, imeegemea chini. Sasa gawanya: 15.7 kwa 5.27 ni karibu 3, na 43.2 kwa 15.7 ni 2.75. Ghafla imekaa karibu katikati. Kwa nini watafiti walichagua wastani wa kijiometri? Jibu limo ndani ya mabano yenyewe, na mwanafunzi aliyekwisha kuhangaika na 2, 3, 4, 6, 85 analiona bila kuambiwa. Anaona na jingine: robo nzima ya watu wale walikuwa juu ya 43. Nani hao? Ni wa nyumba gani? Kwa mtu wa afya ya jamii, hao ndio wa kutafutwa kwanza, na 15.7 peke yake ingewaficha.

(Kreatinini, kwa anayejiuliza, ni taka ya mwili inayotoka kwenye mkojo, na ipo hapa kwa sababu ya maji. Mtu aliyeshinda juani mwezi wa kumi bila kunywa anatoa mkojo mzito, na kila kitu ndani yake kinaonekana kingi. Kugawanya kwa kreatinini kunapunguza udanganyifu huo. Hakuumalizi.)

Sasa 5.5 inasomeka, ingawa mabano yake si robo za watu kama ya kobalti; ni mipaka ya makadirio yenyewe. Gawanya 5.5 kwa 1.2: unapata karibu 4.6. Gawanya 25 kwa 5.5: unapata karibu 4.5. Ni sura ile ile ya kobalti. Namba ya katikati imekaa katikati kwa mara, na mabano yanasema kwamba, kwa ushahidi uliokusanywa, ukweli unaweza kuwa karibu mara nne na nusu chini ya hapo au mara nne na nusu juu ya hapo. 1.2 ni ongezeko dogo ambalo mtu asingelihisi maishani. 25 ni balaa. Utafiti ule umeyaruhusu yote mawili. Ambacho haukukiruhusu kwa urahisi ni 1, yaani kwamba hakuna tofauti yoyote, na hiyo ni habari kubwa kwa mji kama wetu. Lakini "kuna kitu" na "ni mara tano na nusu" ni kauli mbili zenye uzito tofauti kabisa.

Upana huo unatoka wapi? Katika jedwali la kawaida la vyumba vinne (baba mgodini au hapana, mtoto mwenye ulemavu au asiye nao) upana wa mabano unaamriwa zaidi na chumba chenye watu wachache. Mabano yakitanuka kutoka 1.2 hadi 25, ujue kuna chumba ambacho watu wake unaweza kuwahesabu kwa vidole. Hesabu ya makala ilirekebishwa kwa mambo mengine, kwa hiyo si jedwali tupu la vyumba vinne, ila kanuni haibadiliki sana. Familia chache zingejibu tofauti kuhusu kazi ya baba na 5.5 ingehama.

Kuna mtego mwingine katika makala hiyo hiyo, na huu unawanasa hata watu wenye vyeo. Watoto wenye ulemavu unaoonekana walikuwa 138, na watoto wa kulinganisha nao 108. Niliwahi kusoma kazi ambayo mwandishi wake alijumlisha, akapata 246, akagawanya, akatangaza kwamba asilimia 56 ya watoto wa Lubumbashi wanazaliwa na ulemavu. Wale 108 hawakuwa "watoto wengine wote wa mji". Walichaguliwa kwa makusudi, kutoka mahali pale pale walipozaliwa wenzao, ili walinganishwe nao. Kiasi cha ulemavu mjini hukipati kwa kugawanya namba hizo mbili, kwa sababu moja kati yao mtafiti ndiye aliyeiamua. Cha kugawanya nacho kimo katika makala: kati ya Machi 2013 na Februari 2015 watoto waliozaliwa mjini walikuwa 133,662, na 138 ni kama asilimia 0.1 yao.

Makala ina sehemu nyingine ambayo hakuna anayeinakili, nami naiona tamu kuliko 5.5. Damu ya kitovu ilipimwa madini. Kila manganesi ilipoongezeka mara mbili, uwezekano wa ulemavu ulikuwa mara 1.7, mabano 1.1 hadi 2.7. Kwa zinki ilikuwa 1.6, mabano 0.9 hadi 2.8. Tazama "mara mbili": watafiti hawakuandika "kila mikrogramu moja zaidi", kwa sababu ile ile ya mama wa unga. Tazama pia kwamba mabano ya zinki yana 1 ndani yake na ya manganesi hayana, ingawa 1.7 na 1.6 ni karibu pacha. Kusema manganesi ina madhara na zinki haina ni kuikata nyuzi moja katikati ukadai umepata mbili. Watafiti wenyewe waliandika kwamba hakuna kati ya hayo mawili linalochimbwa Lubumbashi, na kwamba namna uhusiano huo unavyotokea haijulikani wazi. Mtu wa hapa atataja Kipushi, kilomita kama 30 tu, mgodi uliojulikana kwa zinki; lakini uzalishaji wake ulisimama mwaka 1993 na haukurudi hadi 2024, kwa hiyo katika miaka ya utafiti ulikuwa kimya. Mtu wa hapa angetarajia kobalti, na kilichojitokeza kwenye damu ya kitovu ni vitu viwili ambavyo havichimbwi mjini. Sehemu kama hiyo inanifanya niwaamini zaidi, maana mtu anayetaka kukutisha angeificha.

Shemeji yangu anachimba, upande wa Likasi, na mke wake alikuwa na mimba wakati tulipoongea. Alikuwa ameisikia 5.5 kwa rafiki yake na alikuja na hasira, kana kwamba mimi ndiye niliyeiandika. "Sasa niache kazi? Tule nini?" Nilichukua karatasi. Tukichukulia, kwa makadirio ya haraka, kwamba kwa baba asiye wa mgodi ni mtoto 1 kwa 1,000, basi kwa baba wa mgodi ni kama 5 au 6 kwa 1,000. Kwa upande wa chini wa mabano ni 1 na kitu, kwa upande wa juu ni 25. Hata hapo juu kabisa, watoto 975 kati ya 1,000 hawana ulemavu wa kuonekana. Sikumwambia aache, wala sikumwambia aendelee; nilimwambia avue nguo za kazi nje na aoge kabla ya kumshika mtu, kwa sababu vumbi la mgodi linafika nyumbani kwa nguo na viatu.

Aliitazama karatasi muda mrefu kuliko wanafunzi wangu wengi wanavyoitazama. Halafu akauliza: "Na ile moja kwa elfu, mliihesabu wapi?"

Nikamweleza. Ni watoto ambao utafiti uliwapata, wenye ulemavu unaoonekana kwa macho siku ya kuzaliwa. Marekani, CDC inahesabu mtoto 1 katika kila 33, lakini humo wamo wenye kasoro za moyo na za ndani zinazogunduliwa baadaye kwa vyombo. Mtoto wa aina hiyo akizaliwa katika maternite yetu ndogo isiyo na vyombo, anaandikwa mzima na anapelekwa nyumbani. Kwa hiyo moja kwa elfu ni ya wale walioonekana.

"Basi hata ile tano kwa elfu iko chini," akasema. Kwa elfu, ndiyo, iko chini. Kwa mara, inabaki 5.5 na mabano yake, mradi watoto wasioonekana wamekosekana sawasawa kwa baba wa migodi na kwa baba wengine. Na hilo, kwa data ya makala ile, halipimiki.